Akiumia goti machela, akiumwa tumbo ‘anazingua’

Saa 11 jioni, Vigwaza. Malori yamepanga foleni kusubiri mizani, wachuuzi wanakimbizana na madirisha ya mabasi, na pembeni kidogo ya Barabara ya Morogoro wasichana wanapiga mpira kwenye vumbi.

Mfikirie straika mmoja hapo, wa miaka 16. Wiki tatu za mwezi hakabiki. Anakimbia mpaka wavulana wanaoazimwa kukamilisha timu mazoezini wanamuogopa. Wiki ya nne anabadilika. Anachelewa, anakimbia ameshika tumbo, mara anaomba kutoka, mara haonekani siku mbili.

Kocha anamuuliza: “Una nini?” Anajibu: “Malaria, kocha.” Mwezi unaofuata tena malaria. Mwezi wa tatu kocha haulizi, anampanga mwingine. Na waliokaa kwenye matofali pembeni wanamalizia kazi: “Huyu kashaanza kuzingua. Atakuwa kapata bwana.”

Binti huyo hapewi jina hapa, kwa sababu ni wengi. Kocha yeyote wa timu ya wasichana, awe wa Vigwaza, Chalinze, Kiwangwa au Bagamoyo mjini, anamjua wa kwake.

Sasa siku goti la binti huyohuyo likigeuka, mambo yanakuwa mengine. Mechi inasimama. Barafu inatafutwa dukani, boda inaitwa, mzazi anapigiwa simu, na kwa wiki mbili kila mtu anauliza anaendeleaje. Goti ni jeraha, linaheshimiwa. Tumbo la kila mwezi ni siri, na siri haina daktari wa timu.

Hapo ndipo soka la wanawake linapopoteza wachezaji bila refa kupuliza filimbi. Na njia ya kuzuia hasara hiyo ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani: tatizo la hedhi lichukuliwe kama jeraha lingine lolote. Lijulikane dalili zake, lisichekwe, na likifika kiwango fulani mchezaji apelekwe hospitali.

Shabiki linamhusu nini?

Wapo watakaosema haya ni mambo ya ukurasa wa afya, siyo wa michezo. Sawa. Lakini waangalie ramani.

Ukitoka Vigwaza kuelekea Dar es Salaam, safari fupi tu ya daladala, unafika Mlandizi. Shabiki anaijua kwa Uwanja wa Mabatini na Ruvu Shooting. Lakini bingwa wa kwanza wa Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania, msimu wa 2016/17, hakutoka Kariakoo. Aliitwa Mlandizi Queens. Wasichana wa barabara hiihii ndio walioandika ukurasa wa kwanza.

Baada yao JKT Queens na Simba Queens wakashika usukani. Mwaka 2022 Simba Queens wakamaliza nafasi ya nne kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika kule Morocco. Mwaka huohuo Serengeti Girls wakaifunga Ufaransa 2-1 kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, India, na kutinga robo fainali. Julai 2025 Twiga Stars wakacheza Fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya pili, baada ya zile za 2010.

Hayo maneno “chini ya miaka 17” ndiyo ya kutazama. Umri ambao skauti anaanza kumuona msichana ndio umri ambao hedhi yake imeanza karibuni na bado haijatulia. Mvulana wa miaka 14 akianza kubadilika, anaongezeka kasi na misuli. Msichana wa miaka 14 anaongezewa jambo la kulipanga kila mwezi, na hakuna hata mmoja kwenye benchi la ufundi anayelitaja.

Kwa hiyo shabiki anayetaka Twiga Stars ifike mbali anapaswa kujua haya, kama anavyojua maana ya nyama za paja.

Kawaida ni ipi?

Kwanza lieleweke hili: hedhi si ugonjwa. Msichana mwenye afya anacheza, anafunga, anafanya sit-apu, awe kwenye siku zake au asiwe. Mabao mengi yamefungwa na wachezaji waliokuwa hedhini na hakuna shabiki aliyejua.

Mzunguko unahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata. Kwa mwanamke mtu mzima, siku 21 mpaka 35 ni kawaida. Kwa binti aliyevunja ungo karibuni unaweza kufika siku 45, ukayumbayumba miaka miwili au mitatu ya mwanzo, kisha ukatulia. Damu yenyewe inatoka siku mbili hadi saba.

Maumivu kidogo nayo yana sababu yake. Mji wa mimba unajikamua ili kutoa utando wake wa ndani, na mwili unatengeneza kemikali inayousukuma ujikamue. Kemikali ikizidi, tumbo linakaza, kiuno kinauma, wengine wanaharisha au kutapika. Kwa kawaida hali hiyo inadumu siku moja au mbili. Chupa ya maji ya moto tumboni inasaidia. Mazoezi mepesi yanasaidia. Dawa za kutuliza maumivu kama ibuprofeni zinasaidia zaidi zikimezwa mapema, baada ya kula, kwa kipimo alichoelekeza mtaalamu. Mwenye vidonda vya tumbo au pumu aulize kwanza kabla ya kumeza.

Mpaka hapo ni mchezo wa kawaida, refa anaacha uendelee.

Kadi ya njano

Kadi ya njano ni dalili inayosema: wiki hii nenda zahanati au kituo cha afya, usisubiri mwezi mwingine.

Damu ikizidi siku saba, njano. Pedi ikilowa chapachapa kila baada ya saa moja au mbili, njano. Kulazimika kuamka usiku kubadilisha, kuvaa pedi mbili kwa pamoja, kutoa mabonge ya damu makubwa kuliko sarafu, zote njano.

Maumivu yanayomlaza kitandani, yanayomkosesha shule au mazoezi kila mwezi, yasiyosikia dawa, njano. Maumivu yanayoongezeka mwaka hadi mwaka, au yanayokuja wakati wa kwenda haja kubwa, haja ndogo au tendo la ndoa, njano. Damu inayotoka katikati ya mwezi, nje ya siku zake, njano.

Na njano nyingine ni kimya. Aliyekuwa anapata siku zake vizuri, zikakata miezi mitatu bila ujauzito, aende. Aliyefika miaka 15 hajavunja ungo, aende pia.

Kadi hizi hazimaanishi msiba. Zinamaanisha kipimo. Nyuma yake inaweza kuwa homoni ambazo hazijatulia, uvimbe kwenye kizazi, vifuko kwenye mifuko ya mayai, maambukizi, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, au damu isiyoganda vizuri. Hilo la mwisho hugundulika kwa baadhi ya wasichana pale tu hedhi ya kwanza inapogoma kukata. Mengi kati ya hayo yana dawa. Hakuna hata moja linalotibiwa kwa kuambiwa “vumilia”.

Kadi nyekundu

Nyekundu ni leo leo, hata kama kesho kuna fainali.

Pedi ikilowa yote kila saa, kwa saa mbili mfululizo, huku anasikia kizunguzungu, ametokwa jasho la baridi au amezimia, ni hospitali moja kwa moja. Moyo ukimwenda mbio akiwa amekaa tu, au pumzi ikimkatika, ni hospitali.

Maumivu makali ya ghafla ya upande mmoja wa tumbo la chini, hasa kama mwezi uliopita hakuona siku zake, ni hospitali bila mjadala. Inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na hiyo ikipasuka inaua kwa saa chache. Homa pamoja na tumbo kuuma na uchafu wenye harufu, nayo ni hospitali. Mjamzito anayetokwa damu, vivyo hivyo.

Kwa mtu wa Vigwaza njia ipo. Inaanzia zahanati au kituo cha afya cha karibu. Ikishindikana kuna Hospitali ya Wilaya ya Chalinze pale Msoga, na upande wa Dar kuna Tumbi, Kibaha, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Ikizidi hapo kuna Muhimbili. Barabara ya lami inapita mlangoni. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kusema, “Twende.”

Straika mvivu au damu imeisha?

Kuna jambo moja makocha wangelijua wangepunguza matusi. Mchezaji anayepoteza damu nyingi kila mwezi anaishiwa madini ya chuma, na bila chuma mwili hautengenezi damu ya kutosha. Damu ndiyo inayobeba oksijeni kwenda kwenye misuli. Ikipungua, mchezaji anaanza vizuri, dakika ya 20 anahema, dakika ya 60 anatembea.

Jukwaani anaitwa mvivu. Kocha anasema hana stamina, anamuongezea raundi za kukimbia, na hapo tatizo linazidi.

Tatizo hili si la wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Karibu nusu. Kwenye kikosi cha wachezaji 20, ni sawa na tisa.

Kipimo chake ni tone la damu kidoleni. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu, chini ya 8 ni upungufu mkali. Binti akiambiwa damu yake iko 9, anapewa vidonge vya kuongeza damu na anachunguzwa damu inakopotelea. Nyumbani anaongezewa maharage, dagaa, maini ikipatikana, kisamvu na matembele, pamoja na limao au chungwa linalosaidia chuma kuingia mwilini. Chai ya rangi isubiri, isinywewe pamoja na mlo, kwa sababu inazuia chuma kufyonzwa. Pwani ambako chai na muhogo ndiyo kifungua kinywa cha wengi, hilo moja tu lina uzito wake.

Chango lina kikomo

Pwani haikuwa kimya siku zote. Uzaramoni na Ukwereni, binti akivunja ungo alikuwa mwali, akapewa somo au kungwi wa kumfundisha. Alifundishwa usafi, akafundishwa kuhesabu siku zake. Nyumba nyingi za Kiislamu mpaka leo zinahesabu siku hizo kwa ajili ya swala na funga. Kwa maneno mengine, utaalamu wa kuhesabu upo nyumbani kabla kocha hajazaliwa.

Tatizo linaanza pale kila maumivu yanapopewa jina moja: chango. Tumbo likiuma ni chango. Damu ikizidi ni chango. Asiposhika mimba ni chango. Anapewa mizizi ya kuchemsha, mwezi unapita, mwingine unakuja. Na juu yake kuna ahadi: “Ukiolewa yataisha. Ukizaa yatakwisha.”

Bibi anayesema hivyo hana nia mbaya. Anasema alichoambiwa yeye. Lakini chango ni jina tu la maumivu, haliambii mtu kama ndani kuna uvimbe, maambukizi au endometriosisi.

Hiyo endometriosisi ndiyo ngumu kuliko zote kugundua. Tishu zinazofanana na utando wa ndani wa kizazi zinaota nje ya kizazi, kwenye mirija, mifuko ya mayai, hata kwenye utumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba inawapata karibu asilimia 10 ya wanawake wenye umri wa kuzaa, kama milioni 190 duniani. Inauma, na inaweza kuzuia mimba.

Tanzania inayo sura yake katika hili. Happiness Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, mwanamitindo aliyefika mpaka New York, alijitokeza hadharani akasema anaugua ugonjwa huo, kwamba maumivu yalimwanza angali msichana, na kwamba amefanyiwa upasuaji zaidi ya mara 10. Wakati huo watu wengi nchini hata neno hilo hawakuwa wamelisikia. Alianzisha taasisi yake, akazunguka kuwaambia wasichana wa shule kwamba maumivu ya kuzimia si sehemu ya uanamke. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya BET kwa kazi hiyo, na mwaka 2017 akajifungua mtoto wa kiume.

Kama Miss Tanzania alihangaika kiasi hicho, binti anayeuza mahindi mizani akitoka shule ana nafasi gani asipokuwa na mtu wa kumwamini?

Wenzetu walianza kwa kufungwa

Mei 2016 Chelsea ya wanawake ilifungwa 1-0 na Arsenal kwenye fainali ya Kombe la FA, Wembley. Kocha wake, Emma Hayes, alikuja kueleza kwamba wachezaji wake kadhaa walikuwa kwenye siku zao, na benchi lake halikuwa limejiandaa kwa lolote. Badala ya kuwalaumu, akabadili utaratibu. Chelsea ikaanza kufuatilia mizunguko ya wachezaji na kurekebisha mazoezi na chakula kulingana nayo.

Hayes mwenyewe alikuwa na endometriosisi. Oktoba 2022 alilazimika kutolewa kizazi kwa upasuaji wa dharura. Akapona, akarudi kazini, akaendelea kubeba ubingwa, na Agosti 2024 akaipa Marekani medali ya dhahabu ya Olimpiki jijini Paris. Nahodha wa England, Leah Williamson, naye amesema wazi kwamba anaishi na endometriosisi. Ameinua Kombe la Ulaya nayo.

Kuna na suala la bukta. Wachezaji wa England walilalamika kwamba bukta nyeupe zinawatia wasiwasi wanapokuwa hedhini. Mwaka 2022 walichukua Ulaya wamevaa nyeupe. Aprili 2023 jezi mpya ikatoka na bukta za bluu. Hakukuwa na sheria wala mgomo, ni rangi tu iliyobadilika.

FIFA nayo ilisogea. Kuanzia 1 Juni 2024, kanuni zake zinatambua kwamba mchezaji wa kike anaweza kukosa mazoezi au mechi kwa sababu za afya ya hedhi, na akiwa na cheti cha daktari analipwa mshahara wake wote.

Hatua nzuri. Lakini kanuni hiyo inamlinda mwenye mkataba. Binti wa Vigwaza hana mshahara wa kulindwa. Alichonacho ni namba yake kwenye kikosi, na namba hiyo anaweza kuilinda kocha tu.

Siku zikikata, msishangilie

Upo msemo unaozunguka kwenye kambi kwamba mchezaji akikata siku zake basi “yuko fiti kweli”. Ni uongo wa hatari.

Mwili unaokimbia kila siku huku unakula kidogo unaanza kubana matumizi. Kitu cha kwanza kuzimwa ni hedhi. Kinachofuata ni mifupa kudhoofika, kuvunjika kwa nyufa ndogondogo, kuumwa mara kwa mara na kuchelewa kupona. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imeonya juu ya hali hiyo tangu 2014. Kwa hiyo binti anayekuja mazoezini na kikombe cha chai tumboni, akikosa siku zake miezi mitatu, anahitaji chakula na daktari. Pongezi zisubiri.

Vilevile wale wanaosema mpira unaharibu kizazi, wanyamaze kidogo. Kupiga mpira hakuleti uvimbe wala ugumba. Kinachoharibu ni tatizo lililofichwa miaka mitano.

Sanduku la timu

Timu ya kijijini haina daktari wala mashine. Haihitaji. Inahitaji vitu vichache.

Cha kwanza, pedi ziwe ndani ya sanduku la huduma ya kwanza, pamoja na bandeji na spiriti, mchezaji achukue bila kuomba mbele ya watu. Bei ni kikwazo, hilo halina ubishi. Mwaka 2018 serikali iliondoa VAT kwenye taulo za kike, mwaka 2019 ikairudisha kwa hoja kwamba bei madukani haikushuka. Lakini wadau wanaochangia jezi na mpira wanaweza kuchangia na boksi la pedi. Zipo hata za kitambaa, za kufua na kuanika juani.

Cha pili, bukta ziwe nyeusi au za bluu iliyoiva. Mchinjio ni uleule.

Cha tatu, awepo mwanamke mmoja karibu na timu. Mwalimu, mama wa mchezaji, nesi wa zahanati, dada aliyecheza zamani. Binti wa miaka 15 hawezi kumwambia kocha wa kiume kwamba damu haikati. Kwa dada anaweza.

Cha nne, kila mchezaji awe na daftari lake la tarehe, yeye mwenyewe. Siku ilipoanza, ilipoisha, pedi ngapi, maumivu yalikuwaje. Daftari hilo si la kocha kulisoma wala kulitangaza. Ni la kumpelekea daktari, maana daktari akiuliza “tangu lini?” jibu la “siku nyingi” halimsaidii. Ni kama kwenda kwenye kamati ya rufaa bila ripoti ya mchezo.

Cha tano, anayeumwa apumzike na namba yake imsubiri, kama inavyomsubiri mwenye enka. Siku akijua kwamba kusema ukweli hakumpotezei nafasi, zile malaria za kila mwezi zitapungua zenyewe.

“Watatumia kama kisingizio”

Hoja hiyo lazima itakuja, na haiwezi kudharauliwa. Wapo watakaodanganya. Lakini wachezaji wa kiume wamekuwa wakijishika nyama za paja kukwepa mazoezi ya asubuhi tangu mpira uanze, na hakuna klabu iliyofuta daktari kwa sababu hiyo. Dawa ya uongo ni kipimo. Anayesingizia hatapenda kupelekwa zahanati mara mbili. Anayeumwa kweli atashukuru.

Hoja ya pili ni kwamba “hayo ni mambo ya wanawake”. Basi soka la wanawake nalo ni la wanawake, mbona makocha, viongozi, marefa na mashabiki wake wengi ni wanaume? Aliyekubali kuchukua kombe akubali na kujua wachezaji wake wanaumwa nini.

Na wapo akina baba. Baba wa Pwani anayefika uwanjani kumuangalia binti yake tayari ameshavuka mto mkubwa, wengi bado wako ng’ambo. Asirudi nyuma kwenye hili. Hahitaji kuuliza maswali ya ndani. Anachotakiwa ni kumwambia mama yake, “Huyu kila mwezi analala siku tatu, mpelekeni akapimwe,” na kutoa nauli.

Waliokaa kwenye matofali nao wana kazi yao, tena rahisi kuliko zote. Binti akitoka uwanjani ameshika tumbo, wamkalie kimya, au wampigie makofi kama wanavyompigia anayetoka kwenye machela. Lile neno la “kapata bwana” limewarudisha nyumbani wasichana wengi kuliko beki yeyote mkorofi.

Siku moja skauti atashuka Vigwaza. Atasimama hapo jirani na mizani, atauliza yuko wapi yule straika aliyekuwa anasumbua watu akiwa na miaka 14. Jibu lisiwe “aliacha”, halafu asiwepo hata mmoja anayejua kwa nini.